Mtungi Ambao Hatujautia Maji

Jumatatu, Aprili 8

Rafu imefungwa! Fundi ameondoka sasa hivi, vumbi lake bado liko puani mwangu. Mbao ya msonobari, kutoka dirishani hadi kwenye friji. Nimeipapasa weee, mpaka mume wangu akauliza kama naye atapapaswa leo au zamu imekwisha.

Miaka ishirini na sita nimepika shuleni. Watoto mia sita kila mchana, na nikirudi nyumbani jiko langu mwenyewe lilikuwa giza, na vigae vya kahawia tulivyovikuta humu. Sasa nimestaafu. Vigae vyeupe! Sinki jipya! Na rafu tupu. Tupu kwa makusudi.

Maana mitungi ya baba inakuja keshokutwa.

Baba alikuwa mfinyanzi huko Gangjin, kusini mwa Korea. Maisha yake yote mitungi tu — ya sosi ya soya, ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, ya chumvi, ya siki. Mama alitufia Novemba. Nyumba imeuzwa, mnunuzi anachukua funguo tarehe 29. Kaka Gil-su alinipigia kuuliza nataka mitungi ipi. Nikamwambia yote. Akasema mdogo wangu, wewe unakaa ghorofa ya kumi na moja, hukai ghalani.

Basi nimechagua. Mitatu ya wastani ya kuweka kibarazani, mmojawapo upokee sosi ya mama. Wa siki. Chungu cha kuvukia, yaani kuivishia kwa mvuke, mikate ya mchele. Na ule wa mwisho. Ule lazima.

Jumatano, Aprili 10

Siku ya kura, watu wote wako nyumbani, barabara nyeupe. Kaka kafika saa nne asubuhi, mitungi imevikwa mablanketi ya mama kama watoto wachanga. Mlinzi wa jengo katushikia lifti. Nimelia kwenye lifti. Nimecheka pia. Kaka kasema chagua kimoja, majirani watadhani unahamia na maiti.

Mtungi wa mwisho niliubeba mwenyewe. Hauzidi goti langu, unaingia kama lita kumi. Baba aliufinyanga mwaka wake wa mwisho, mikono ikiwa tayari inatetemeka. Wafinyanzi wa kwetu wakishaupaka mtungi uji wa majivu, kabla haujakauka, wanachora kwa vidole — mikwaruzo miwili mitatu, shwaa, majani ya nyasi, basi. Baba alikuwa anachora bila kutazama, huku anaongea na watu. Lakini kwenye huu mstari umetetemeka. Unaanza vizuri, unayumba, unasimama, halafu unaendelea. Ukiweka vidole vyako hapo unasikia kabisa mahali alipopumzika.

Nauona mzuri kuliko yote. Kaka hauoni hivyo. Aliutua mezani, akaugonga kwa kifundo cha kidole, kama baba alivyogonga kila mtungi tanuri likifunguliwa. Mzima unalia kama kengele. Mbovu unakohoa, na baba aliuvunja palepale.

Kaka akaniuliza umesikia?

Nikasema televisheni ilikuwa juu, habari za kura, sikusikia.

Akasema mama hakuwahi kuutia kitu miaka kumi na tisa, hata chumvi. Unadhani kwa nini? Unavuja huo. Mzee mikono ilishamwisha.

Nikamwambia rafuni hautiwi kitu, kwa hiyo hauvuji. Nikaupandisha katikati kabisa, chini ya taa. Mwisho wa maneno.

Ijumaa, Aprili 12

Siku njema mno!

Chungu cha kuvukia mikate kina matundu chini. Nimekigeuza, nimekitundika juu ya meza, na ndani yake Baba Da-hye — mume wangu, tunaitana kwa jina la binti yetu tangu azaliwe — ametia balbu. Alikuwa fundi wa lifti miaka thelathini, waya kwake ni uzi wa kushonea. Tumefunga mapazia mchana kweupe tuone. Madoa ya mwanga dari nzima! Nimepiga makofi peke yangu.

Mama akikitumia chungu hicho alizungusha kamba ya unga mbichi ukingoni mvuke usitoroke. Mkate ukiiva, ile kamba ngumu ya unga ilikuwa yangu. Kaka alipata mkate, mimi nilipata kamba, na nilidhani mimi ndiye niliyependelewa. Bado nadhani.

Mtungi wa siki una mdomo kama wa bata. Nimeuweka karibu na moto, kama mama. Kila akipita aliutikisa na kuuambia, siki, siki, tukae wote tuishi. Leo nimeutikisa. Mtupu, lakini nimeuambia hayo hayo. Baba Da-hye akauliza naongea na nani. Nikamwambia na siki. Akasema sawa, akaendelea na waya wake.

Wifi Sun-rye amepiga simu. Mke wa kaka. Yeye ndiye aliyekaa na mama miaka kumi na moja ya mwisho, akamwogesha, akamlisha. Sosi ya soya ya mwisho ya mama waliipika wote wawili mwaka jana, mama amekaa kitini anaelekeza, wifi anafanya. Kwa haki ni yake. Lakini anasema tutagawana nusu kwa nusu, maana na wao wanahamia ghorofa mjini na ule mtungi mkubwa wa uani hauingii popote. Ataleta Jumamosi tarehe 27. Amehesabu: ni siku ya kumi na tisa ya mwezi mwandamo, mashetani ya mikosi yote yako likizo mbinguni, unaweza kuhamisha kitu chochote.

Kasema hivi, nilimsikia vizuri: "Sosi ya mama nakuletea, wifi, lakini mtungi uwe umekauka na unanuka udongo tu. Udongo tu, umesikia? Nikikuta vinginevyo narudi nayo."

Nikasema wifi, mimi ni mtoto wa mfinyanzi bwana!

Jumatatu, Aprili 15

Nataka kuyararua mapazia mapya.

Nilikwenda sokoni kutafuta kitambaa cha kufunika midomo ya mitungi. Nimerudi — kibaraza kinang'aa. Baba Da-hye kasimama katikati, suruali imekunjwa magotini, anatabasamu kama kashinda bahati nasibu. Mitungi yote mitatu imepinduliwa, inachuruzika. Na ile harufu. Ndimu. Ndimu ya kiwandani.

Nikauliza umeosha na nini.

Sabuni ya vyombo! Chupa nzima! Na brashi!

Jamani. Mtungi wa kwetu si sahani. Unapumua. Una vitundu vidogo ambavyo jicho halioni, ndivyo vinavyoivisha sosi, na hivyo hivyo vinakunywa sabuni na kuitunza. Unaweza kuona mtungi mkavu, mzuri, ukautia sosi, na miezi mitatu baadaye unakula povu. Mtoto wa miaka sita wa kijijini kwetu anajua hili. Maji ya moto, majani makavu ya mpunga ya kusugulia, jua. Basi.

Lakini mume wangu ni mtu wa mjini, na kwake kitu safi ni kile kilichotolewa grisi.

Nimemfokea mpaka jirani wa chini akazima redio ili asikie vizuri. Baadaye nimemkuta amekaa kwenye ngazi za dharura, brashi bado mkononi. Kasema alitaka wifi akija akute mitungi inameta, asiseme dada wa Gil-su kaolewa na mtu mvivu.

Nikakaa naye. Ngazi ni baridi. Nikamwambia si kosa lako, hukukulia kwenye udongo. Halafu nikamwambia ni kosa lako. Akasema chagua kimoja.

Jumanne, Aprili 16

Maji mitungi yote mitatu hadi mdomoni, juani. Jioni nimeyachungulia. Mapovu madogo yamepanda yenyewe, ukingoni, kama mate. Nimemwaga. Nimejaza tena.

Siku kumi na moja zimebaki.

Jumatano, Aprili 17

Leo nusura tufukuzwe.

Nilikumbuka baba alivyofukiza mitungi: anachoma majani ya mpunga, anaupindua mtungi juu ya moshi, moshi unaingia kwenye vitundu na kusukuma nje kila kibaya. Nikasema kwa sauti. Kosa langu! Baba Da-hye, kwa vile ana deni la roho, kaenda kuyatafuta hayo majani mpaka akapata kwa muuza miche ya bustani. Saa nane mchana tumewasha kibarazani kwenye karai. Kidogo tu.

King'ora cha moto, jengo zima.

Mlinzi kapanda mbio na mtungi wake wa kuzimia moto, anahema, anapiga kelele watu watoke. Kaona mtungi umepinduliwa, moshi, sisi wawili tumepiga magoti na macho mekundu. Kanusa. Kisha kauliza, ni sabuni?

Tukasema ni sabuni.

Akatingisha kichwa. Akasema mke wake wa kwanza alifanya hivyo, mama yake hakuongea naye hadi mwaka mpya. Akatuamuru tuzime, akaandika daftarini "wamechoma samaki", akashuka. Mungu ambariki mtu yule.

Mitungi sasa inanuka ndimu iliyochomwa.

Jumapili, Aprili 21

Maji. Jua. Mwaga. Jaza. Mapovu yamepungua lakini yapo. Nimejaribu na maji ya kuoshea mchele, wanasema yananyonya. Yamenyonya kidogo.

Wifi kapiga. "Mitungi imekauka?" Nikasema iko juani tangu asubuhi hadi jioni. Si uongo! Kasema vizuri, maana amejaribu kuionja sosi jana na imekuwa tamu hadi amelia. Nikashindwa kusema. Mdomo ulifunguka, nikajisikia najibu njoo na tumbo tupu, nitapika.

Mwoga mkubwa mimi.

Lakini jiko! Nikikaa mezani asubuhi na chai yangu ya shayiri, taa ya matundu inawaka, siki yangu tupu iko mahali pake, na mtungi wa baba juu katikati, mstari wake unayumba na kuendelea — nasahau sabuni kabisa. Ni kama watu wa nyumbani wamekuja kukaa. Nimewapiga picha, nimemtumia Da-hye. Kajibu mama, jiko lako limekuwa makumbusho.

Sijui kwa nini neno hilo limenikaa.

Ijumaa, Aprili 26

Kesho.

Nimetia maji ya moto kwenye ule ulio bora zaidi, nimeingiza kichwa chote ndani, nimevuta pumzi. Udongo. Udongo. Udongo… ndimu.

Nimemuuliza Baba Da-hye, naye kaingiza kichwa. Sauti yake ikatoka humo kama ya mtu kisimani: "Mimi sisikii kitu!" Huyu pua ilishakufa na grisi.

Naweza kunyamaza. Wifi ana miaka sitini na saba, pua yake labda nayo imechoka. Nimekata shauri nitanyamaza. Halafu nikafikiria mama amekaa kitini anaelekeza, na wifi anabeba maji ya chumvi ndoo kwa ndoo. Nimekata shauri nitasema.

Nimekaanga samaki wa kesho, nimeandaa mboga tisa. Mikono inapika yenyewe kama niko shuleni.

Jumamosi, Aprili 27

Naandika sasa hivi, saa kumi kasoro robo alasiri, mezani, hapa hapa. Siwezi kusubiri.

Wifi kafika saa saba. Madumu mawili ya lita tano, amekuja ameyapakata safari nzima, kaka hakuruhusiwa hata kuyagusa. Kaka kamshusha, kaenda kupakia vyombo vya nyumba, atarudi jioni. Wifi kavua viatu, kaingia jikoni, kasimama. Akaitazama taa. Akautazama mtungi wa siki. Akafunika mdomo kwa mkono. "Yaani, wifi… huyu ni mama kabisa. Mama yupo humu." Nikavimba kichwa kama mkate.

Kisha akakunja mikono ya blauzi. "Haya. Uko wapi huo mtungi?"

Nikampeleka kibarazani. Hata hakuinama! Alisimama hatua mbili mbali, pua ikacheza mara moja tu.

Nikasema wifi, nina neno.

"Sabuni," akasema.

Nikasema ndiyo. Nikasema yote. Baba Da-hye akajitokeza mlangoni mwenyewe, mikono nyuma, akainama hadi kiunoni kuomba radhi kama yuko mbele ya bosi wa lifti.

Wifi akakaa chini palepale juu ya vigae. Nikadhani amezidiwa. Kumbe anacheka. Anacheka hadi machozi. Anasema hiyo harufu hataisahau hadi kaburini, maana mwezi wake wa kwanza wa ndoa aliosha mitungi minne ya mama mkwe kwa sabuni ya kufulia! Alitaka imeremete. Baba aliporudi akasikia harufu, akauliza kwa ukali nani amefanya hivi, na mama akajibu haraka haraka paka kakojolea, nimeosha mimi. Miaka arobaini na mmoja wifi kaitunza siri hiyo. "Na paka hatukuwa naye," akasema.

Tumecheka wote watatu chini kwenye vigae. Nilidhani mambo yamekwisha.

Wifi akajipangusa macho. "Lakini humu haiingii."

Nikasema basi ikae kwenye dumu hadi mitungi ipone.

"Plastiki? Imekaa humo tangu asubuhi, inatosha. Inakosa pumzi."

Nikasema basi urudi nayo.

"Imeshavuka kizingiti chako, wifi. Kitu kikishahama siku njema hakirudishwi, unataka kuyaita mashetani likizoni?" Akaingia jikoni. Nikamfuata. Akanyoosha kidole juu, katikati, chini ya taa. "Na ule?"

Nikasema ule ni pambo.

"Baba mkwe hakufinyanga pambo hata moja maishani mwake."

Nikasema wifi, ule hapana. Nikasema utachafuka, utatoka chumvi nje, utakaa kibarazani juani, rafu itabaki na pengo katikati, nimetengeneza jiko zima kwa ajili yake! Nilisema mengi. Sauti yangu ilipanda. Baba Da-hye akarudi kibarazani taratibu.

Wifi akanisubiri nimalize. Halafu akaniuliza unaogopa nini hasa.

Naogopa utavuja. Nimesema hivyo, mara ya kwanza kwa mdomo wangu. Ukivuja maana yake kaka alisema kweli, kitu cha mwisho kilichotoka mkononi kwa baba kilikuwa kibovu, na yeye mwenyewe angekisikia kinakohoa angekivunja. Ukiwa rafuni ni mzima. Rafuni hakuna anayeuuliza kitu.

Wifi akautazama mtungi. Kisha akaniambia mama aliufuta mtungi ule kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji, ndani na nje, halafu anaufunika. Mwaka mmoja wifi alimuuliza, mama, mbona hatuutumii, mtungi mzuri hivi? Mama akamjibu: "Nikiutia maji nitajua. Nisipoutia, mzima."

Maneno yangu yale yale. Sikuwahi kuyasikia kwake hata siku moja.

Nimelia, naam. Nimelia nikiwa nimeshika kitasa cha friji. Wifi hakunibembeleza, alikuwa anatafuta kiti cha kupandia. "Nyumba njema si mlango, wifi, na mtungi mwema si rafu. Shika chini. Mimi nashika juu."

Tuliushusha. Mzito kuliko nilivyokumbuka! Tumeusuuza kwa maji matupu. Tumetandika magazeti kibarazani, yale ya siku ya kura, na juu yake mtungi, na Baba Da-hye kaleta maji kwa ndoo, taratibu, anauma ulimi. Hadi shingoni. Tumekubaliana saa nzima. Gazeti likilowa, sosi inalala kwenye dumu, na mtungi unarudi rafuni, na hakuna atakayemwambia kaka. Likiwa kavu, sosi ya mama inaingia kwa baba leo hii.

Tulianza saa tisa na robo.

Saa tisa na dakika ishirini na tano — gazeti limelowa! Kona ya kushoto, doa kama kiganja. Wifi akapiga magoti, akagusa, akanusa, akafuata lile doa kwa kidole hadi… ndoo ya Baba Da-hye. Inachuruzika. Huyu mwanaume! Huyu mwanaume nitamtundika balbu! Tumeinua mtungi na maji yake, watu watatu, migongo inalia, tumebadilisha gazeti, tumeanza kuhesabu upya. Saa tisa na nusu. Hadi saa kumi na nusu.

Yeye ametumwa dukani. Akanunue chochote.

Wifi amelala chini kibarazani kabisa, shavu kwenye vigae, anachungulia chini ya mtungi. Blauzi yake ya safari! Nimemwambia inuka, akasema mimi nimeshaogesha wazee, vigae haviniui. Mimi nimekuja kukaa hapa mezani, maana nikitazama naona doa kila mahali. Rafu ina pengo katikati. Nililitegemea liwe baya. Ni pengo tu. Taa inalimulika vizuri.

Kaka kapiga. Kauliza mmeshamimina? Nikasema tunakunywa chai. Akauliza mbona unahema.

Saa kumi kamili. Nimeuliza kwa sauti kutoka huku: wifi, gazeti? Akajibu: kavu.

Saa kumi na dakika tano. Gazeti? Kavu. Usiniulizeulize!

Saa kumi na dakika kumi. Nimemsikia anainuka. Magoti yake yamelia. Halafu ngo, ngo. Anagonga ubavu wa mtungi uliojaa maji! Mtungi uliojaa hauwezi kulia vizuri, kila mtu anajua, lakini nimeacha kalamu nisikilize. Sijui nimesikia nini. Televisheni imezimwa leo, sina kisingizio.

Saa kumi na dakika kumi na mbili. Maji. Maji mengi yanamwagika sakafuni yakielekea kwenye shimo la kibaraza. Mungu wangu, umepasuka? Hapana, anamwaga kwa upawa, nasikia upawa. Anausugua kwa kitambaa, anaimba puani.

Na sasa harufu. Ngoja. Chumvi, soya iliyooza vizuri, kitu kitamu kwa nyuma. Uani kwetu saa za jioni, vifuniko vikifunguliwa. Imeingia hadi hapa mezani, chini ya taa, imekuja yenyewe.

Mtu kafungua dumu.

Bado dakika kumi na nane! Wifi! Wifi, saa haijatimia, we — ningoje basi na mimi nishike